Jibu la Swali la Saba

Kwanza ieleweke kwamba jibu lilikuwa moja na nusu. Nalitanguliza hapa juu, kabla ya kumtaja mtu yeyote kwa jina, kwa sababu wiki ile nzima hakuna aliyetaka kulisikia. Walitaka kujua shingo yangu niliielekeza wapi, kalamu niliiangusha saa ngapi, na kwa nini nilicheka peke yangu saa nne na robo. Jibu lenyewe lilikaa pale kwenye karatasi, limepigiwa mistari miwili kama tulivyofundishwa, na hakuna aliyelijulia hali.

Swali la saba la mtihani wa majaribio wa fizikia, kidato cha sita, mwaka 1993, lilisema hivi. Mwanafunzi amekaa kwenye kiti kinachozunguka. Amenyoosha mikono, na kila mkono umeshika jiwe. Kiti kinazunguka mara moja kila sekunde mbili. Mwanafunzi anayavuta mawe mpaka kifuani. Inesha yake, yaani ule ugumu wake wa kugeuzwa, inashuka kutoka sita hadi mbili. Je, sasa anazunguka mara ngapi kwa sekunde? Alama nane.

Darasa letu lilikuwa na watu arobaini na wawili. Arobaini waliandika sifuri nukta nane saba. Wawili tuliandika moja na nusu: mimi, Saimon, na Sefu, ambaye ninakaa naye dawati moja kwa sababu shule ina madawati ishirini na moja. Kwa sheria za shule yetu, watu arobaini wakiwa na jibu moja, wamesoma. Watu wawili wakiwa na jibu moja, wameibiana.

Hiyo sifuri nukta nane saba ilitoka sokoni. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Aidan, aliacha chaki mwaka uliotangulia, mara tu serikali iliporuhusu watu binafsi kununua korosho. Alituaga vizuri, akahamia Nakapanya, kwao Sefu, na tangu hapo tulikuwa tukipata habari zake katika barua ambazo baba yake Sefu humwandikia mwanawe: Mwalimu amenunua pikipiki, Mwalimu ameanza kunenepa. Fizikia ikakabidhiwa kwa Mwalimu Rupert, ambaye ni mwalimu wa kilimo. Sisemi hivyo kwa dharau. Mwonyeshe Mwalimu Rupert ng'ombe, atakutajia umri wake kwa kutazama pembe. Lakini swali la fizikia halina pembe. Basi akafanya walivyofanya walimu wengi wakati huo ambapo kila kitu kiliruhusiwa kuuzwa: akanunua kitini. Kilitungwa na mtu asiyejitaja jina, kikadurufiwa kwa wino uliofifia, kikauzwa katika soko la Songea kati ya meza ya mitumba na meza ya betri. Maswali mia mbili pamoja na majibu yake. Mwalimu Rupert alitusomea kwa sauti, sisi tukanakili, na mtihani ulipofika akachagua maswali humo humo.

Ndiyo maana watu arobaini walipata sifuri nukta nane saba. Hawakuikokotoa. Waliikumbuka.

Mimi sikuikumbuka kwa sababu siku iliposomwa nilikuwa nje, nimepiga magoti, kwa kosa ambalo halihusiani na habari hii. Lilihusu mbuzi. Sefu alikuwepo darasani, lakini yeye ana ugonjwa: hawezi kuandika kitu ambacho hajakipigia hesabu mwenyewe. Kwa hiyo siku ya mtihani kila mmoja wetu alirudi kwenye kanuni aliyotuachia Mwalimu Aidan kabla ya korosho. Kitu kinachozunguka kina momenta ya mzunguko. Zidisha inesha yake kwa kasi yake ya kuzunguka, umeipata. Ikiwa hakuna mtu wa nje anayekisokota, hesabu hiyo haibadiliki hata kitu kijikunje vipi. Mwanzo ni sita mara nusu, yaani tatu. Mwisho ni mbili mara ngapi, ili ibaki tatu? Mtoto wa darasa la saba anaweza.

Jumatatu karatasi zilirudishwa. Kwangu na kwa Sefu, pembeni mwa swali la saba, palikuwa na sifuri nene na neno moja kwa wino mwekundu: MMEIBIANA. Kabla hatujamaliza kulisoma tuliitwa ofisini.

Padre Kajetani, mkuu wetu wa shule, ni mtu mpole anayezungumza taratibu kama anayetafuta njia gizani. Nilimsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Sefu akasema, "Shikamoo, Padre." Mwalimu Rupert alikuwa amesimama pembeni na karatasi zetu mbili, amezishika kwa ncha kama mtu aliyekamata panya kwa mikia.

"Padre, watu arobaini wana jibu hili," alisema. "Hawa wawili wa dawati moja wana jibu lile. Wote wawili."

"Labda wamekosea wote," alisema Padre.

"Kukosea ni sawa. Kukosea mahali pamoja, kwa tarakimu zilezile, hapo kuna shingo iliyogeuka."

"Lakini hatukukosea, Mwalimu," nilisema.

"Wewe nyamaza. Mchoro wako nimeuona."

Hapa inabidi nieleze. Swali halikuomba mchoro, lakini mimi nilichora, ili kumsaidia msahihishaji. Mtu wangu wa kwenye kiti alikuwa na masharubu na kofia ya pama. Mwalimu Rupert ana masharubu na kofia ya pama. Kufanana huko kulikuwa bahati mbaya iliyonichukua dakika sita.

"Kama Sefu alitazamia kwangu, mbona kwake hakuna mchoro?" niliuliza.

"Kwa sababu yeye ana adabu kidogo."

Sefu ni mrefu, mtulivu, na anapokasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Ilikuwa imeshuka sana aliposema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Kosa liko mstari upi?"

Mwalimu Rupert alifurahi kuulizwa. Alichukua chaki mfukoni akaandika juu ya meza ya Padre. "Nishati," alisema. "Kitini kinasema nishati haiongezeki yenyewe, na ndivyo ilivyo. Kwa jibu lenu, nishati ya mwanzo ni robo tatu. Ya mwisho ni mbili na robo. Imekuwa mara tatu. Nani kaiongeza? Swali linasema kuna mtu kaja kusukuma kiti?"

"Halisemi, Mwalimu."

"Basi mmeumba nishati. Na kuumba ni kazi ya Mungu, Padre atanisahihisha."

Padre hakumsahihisha. Kwa hiyo asubuhi moja tu nilikuwa nimeshtakiwa wizi, dharau, na kuumba. Na lililonikera kuliko yote ni kwamba swali lake lilikuwa zuri. Nani kaiongeza? Nilimtazama Sefu, Sefu akanitazama. Hatukujua.

Shule yetu ina desturi ya barua. Ukifanya kosa unaandika barua ya kukiri, inasomwa mbele ya shule nzima, kisha inawekwa kwenye faili lako, na mambo yanakwisha. Mimi nilikuwa na barua tisa. Naziandika vizuri, wadogo wa kidato cha tano huja kuniomba mfano. Padre alisema tuandike kila mmoja barua yake, tukiri kuibiana, tukubali sifuri ya swali la saba, basi. Lakini fomu za kuthibitisha watahiniwa wa mtihani wa taifa zilikuwa zinachukuliwa na gari la elimu Ijumaa saa sita mchana kupelekwa Dar es Salaam kupitia Njombe, na yeye hawezi kuthibitisha jina la mwanafunzi mwenye kesi ya wizi wa mtihani isiyokwisha. Barua ziwe mezani kwake kabla ya hapo.

"Nitaandika leo leo, Padre," nilisema.

"Mimi siandiki," alisema Sefu.

Padre alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, mwanangu?"

"Sikuiba. Siwezi kuandika niliiba."

"Basi jina lako nitalikata."

"Likate, Padre. Lakini sitaandika."

Na Padre, kwa huzuni ya kweli, alichukua rula na kalamu nyekundu akalipiga jina la Sefu mstari. Alisema akipata barua atajaza fomu mpya. Langu aliliacha kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeahidi.

Nataka nieleweke vizuri hapa. Baba yake Sefu ana mikorosho mia mbili na watoto tisa, na Sefu ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika kidato cha sita. Angekosa mtihani ule, angerudi Nakapanya kumbebea Mwalimu Aidan magunia. Yule aliyetufundisha jibu sahihi angemfanya mpakiaji wake yule aliyefukuzwa kwa kulijua. Nilipoliwaza hilo nilishindwa kula maharage, na mimi ni mtu wa kula maharage katika hali zote.

Jumanne, barua yangu nikiwa bado sijaigusa, nilimfuata Sefu nyuma ya bweni. "Andika tu," nilimwambia. "Mistari mitatu. Mimi nitakutungia."

"Barua zako zinasomwa na watu wanacheka, Saimon. Yangu ikisomwa, hakuna atakayecheka. Watasema, kumbe."

"Watasahau."

"Baba hatasahau. Faili linakwenda nyumbani na ripoti."

Niliona hakuna njia ila niokoe hali mwenyewe. Jioni ile nilikwenda kwa Padre nikakiri, kwa uso wa majuto niliouandaa kwa uangalifu, kwamba mimi ndiye niliyetazamia kwa Sefu na yeye hakujua. Padre alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa faili langu, akalipapasa.

"Saimon, humu mna barua tisa. Nne kati ya hizo ulikiri mambo ambayo baadaye tuligundua hayakutokea kabisa."

"Hii imetokea, Padre."

"Ng'ombe wa masista hakuwahi kunywa divai, Saimon. Nilimhoji daktari wa mifugo. Nenda ukalale."

Kesho yake Sefu alikuwa ameshapata habari. Tulikuwa bombani tunafua, yeye ameniinamishia kichwa anasugua kola kama anayetaka kuitoboa.

"Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nakuokoa."

"Hukuniokoa. Umemfanya aone ni mzaha mwingine wa kwako." Alisugua tena. "Unajua kosa langu ni nini? Si swali la saba. Ni kukaa dawati moja na wewe. Angekuwa mtu mwingine pembeni yangu, Mwalimu angeuliza mara mbili kabla ya kuandika lile neno."

Nilichukua ndoo yangu ya maji nikaanza kuizungusha kwa mkono, wima, kichwani mpaka miguuni, kama tunavyofanya kuwaonyesha wadogo kwamba maji hayamwagiki. Sikuwa na sababu. Mikono yangu huwa inafanya mambo ninapoona aibu. Niliizungusha haraka, kisha nikataka kuivutia karibu ili niikamate, bega langu likalia kako.

"Aa," nilisema. "Inataka kuning'oa bega hii."

Sefu alisimama na kola mkononi, povu likimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Rudia."

"Bega linauma."

"Rudia, nimesema. Ndoo inavuta kwenda wapi?"

"Nje. Inataka kwenda zake."

"Na ukitaka kuileta kifuani?"

"Niivute kwa nguvu. Kwani hujawahi..."

Tulitazamana pale bombani, watu wawili wenye mapovu, na nadhani tulifika pamoja, ingawa yeye angesema alitangulia.

"Mwalimu anauliza nani kaongeza nishati," alisema Sefu polepole. "Anamtafuta mtu wa nje, mtu wa kusukuma kiti. Hayupo. Aliyeongeza ni yule yule aliyekaa. Anavuta mawe, mawe hayataki, anayalazimisha. Hiyo ni kazi. Nishati imetoka kwenye misuli yake."

"Na kwa kuwa anavuta kuelekea katikati tu, hakisokoti kiti."

"Momenta inabaki tatu. Nishati inapanda."

"Moja na nusu," nilisema.

"Moja na nusu."

Nilitaka twende ofisini palepale na mapovu yetu. Sefu akasema hapana, tutasema nini? Mwalimu atasema tumetunga maneno. Lazima mtu akae kwenye kiti kinachozunguka na avute mawe, aone mwenyewe.

"Kiti kipo," nilisema.

Kilikuwepo. Mwezi uliopita ofisi ya Padre ilipokea kiti kipya kutoka Dar es Salaam, cha ngozi ya bandia, kinachozunguka juu ya mguu mmoja. Zamani, kila kitu kilipokuwa kinatoka serikalini, kiti kama hicho kilikuwa cha mkuu wa mkoa. Padre alikionea haya akakifunika kwa shuka, akaendelea kukalia kile cha mbao.

"Kinazunguka vizuri?" aliuliza Sefu.

"Ukikisukuma kidogo kinakwenda mpaka unachoka kuhesabu."

"Umejuaje?"

Nilisema bega langu lilikuwa linauma.

Alhamisi tulikwenda kwa Sista Lidwina, anayesimamia chumba cha kupigia pasi. Sista ni mtu wa Mbinga, mfupi, hana muda wa kupoteza. Tulimwomba pasi mbili za mkaa, zile nzito za chuma, bila mkaa.

"Za nini?"

"Za fizikia, Sista," alisema Sefu.

Sista alinitazama mimi. "Ungeniambia wewe, ningekufukuza na ufagio. Zitarudi lini?"

"Kesho saa sita."

"Nakuja nazo mwenyewe," alisema Sista. "Nataka kuona."

Ijumaa saa nne asubuhi tuliingia ofisini watu watatu na pasi mbili. Mwalimu Rupert alikuwepo tayari, kwa sababu Sefu alikuwa amemwandikia karatasi, yenye adabu kamili, akimwomba aje asikilize jibu la swali lake. Juu ya meza fomu ilikuwa wazi, na jina la Sefu limepigwa mstari mwekundu.

"Barua ziko wapi?" aliuliza Padre.

"Padre, kabla ya barua, tunaomba ukae kwenye kile kiti," alisema Sefu.

Padre alitazama shuka kama mtu aliyetajiwa dhambi yake hadharani. Alikataa. Alisema Mwalimu akae. Mwalimu Rupert akasema hawezi kuzungushwa na wanafunzi, kuna mchoro tayari. Sista Lidwina akasema kama wanaume wanaogopa kiti, yeye atakaa. Basi Padre akakaa.

Alikunja kanzu, akainua miguu kutoka sakafuni, akapokea pasi moja kila mkono, akanyoosha mikono kama msalaba. Sista alishika saa. Sefu alimsukuma begani kwa heshima kubwa, kisha akarudi nyuma. Padre akazunguka taratibu: dirisha, kabati, sisi, mlango. Mzunguko mmoja, sekunde mbili.

"Sasa, Padre, vuta pasi kifuani."

Padre alivuta. Sijawahi kuona, na sitegemei kuona tena, padre wa jimbo letu akienda kasi namna ile. Kanzu ilifura. Dirisha, kabati, sisi, mlango, dirisha, vyote vikampitia kama kurasa. Sista alikuwa anahesabu kwa sauti, "mbili, tatu," na sekunde mbili zikawa zimekwisha.

"Nyoosha, Padre," aliita Sefu, na Padre akanyoosha, na kiti kikapoa kama gari lililofika kijijini. Tulimshika. Macho yake yakaendelea kuzunguka kidogo.

"Karibu mara tatu," alisema Sista Lidwina. "Kitini kingesema hata mbili hazitimii."

Sikujua Sista anajua kitini kingesema nini. Nadhani alikuwa amemuuliza Sefu njiani.

Mwalimu Rupert alikunja mikono. "Hatujui inesha ya Padre," alisema. "Swali limesema sita na mbili. Padre si sita na mbili."

Na hilo, kwa uchungu nakiri, lilikuwa kweli. Nilipendekeza Padre apimwe. Padre alikataa kwa ishara ya mkono mmoja.

"Sawa, Mwalimu," alisema Sefu. "Tuache namba. Uliuliza nani kaongeza nishati. Naomba umuulize Padre."

"Nimuulize nini?"

"Muulize kama amechoka."

Mwalimu Rupert hakuuliza. Lakini Padre alikuwa anajipapasa mabega, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Zilikuwa zinanivuta," alisema. "Pasi. Wakati wa kuzileta kifuani zilikuwa hazitaki kuja. Nani alikuwa anazivuta?"

"Hakuna, Padre. Ndivyo zinavyokuwa zikizunguka," alisema Sefu.

"Nikazilazimisha."

"Ukazilazimisha."

"Nimechoka hasa." Padre alimgeukia Mwalimu Rupert, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakutafuta maneno. "Rupert, kama nimechoka, nimefanya kazi. Hilo si fizikia, hilo ni jembe."

Nilikuwa tayari kwa ubishi. Nilikuwa na hotuba. Lakini Mwalimu Rupert alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akasema, "Naomba pasi." Padre akapisha. Mwalimu alizunguka mara tatu, mara nne, akivuta na kunyoosha, akivuta na kunyoosha, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka, nikiwemo mimi, na masharubu yale yalikuwepo mbele yangu. Alipotoka alishikilia meza.

"Nilikuwa namtafuta mtu wa kusukuma kutoka nje," alisema. "Kumbe ni yeye mwenyewe aliyekaa." Kisha akamwambia Sefu, si mimi: "Mstari wako wa pili ulikuwa sawa. Niliuona ni sawa tangu siku ile. Nikaamini karatasi ya sokoni."

"Na kuibiana?" aliuliza Padre.

"Mtu anayejua kumwaibisha mwalimu wake hivi hahitaji kutazamia kwa Saimon," alisema Mwalimu Rupert. Niliona neno hilo halikuwa la haki kwangu, ila muda ulikuwa mdogo. Ilikuwa saa tano na nusu.

Padre alitoa fomu mpya, akaandika majina yote arobaini na mawili upya kwa mkono wake, Sista akimsomea. Alipofika kwa Sefu alimgeuzia karatasi ili aweke saini. Sefu aliitazama kwanza, akasoma jina lake, la baba yake na la babu yake, herufi kwa herufi, huku honi ya gari la elimu ikilia nje. Kisha akasaini, polepole, kama mtu asiyesikia honi. Mimi nilitazama kabati.

Ningeweza kukomea hapo, lakini haki haikukomea hapo. Baada ya gari kuondoka Padre alitoa hukumu yake kuhusu alama. Alisema wale arobaini walisoma walichopewa na mwalimu wao, kwa hiyo hawana kosa, na hawawezi kuadhibiwa kwa utii. Sisi tuna jibu sahihi. Basi darasa zima lipewe alama nane.

"Padre," nilisema, "sifuri nukta nane saba si jibu."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa kwenye kiti."

"Wanapewa nane kwa kukosea, na sisi nane kwa kupatia."

"Mnapewa nane wote."

Nilimtazama Sefu anisaidie. Alikuwa anamfungia Sista pasi kwenye kitambaa.

Tuliporudi darasani Mwalimu Rupert alikuwa ametangulia, ameandika ubaoni hesabu yote: sita mara nusu, mbili mara moja na nusu. Watu arobaini walikuwa wameinama wanafuta 0.87 kwenye madaftari na kuandika 1.5 juu yake. Kalamu zilikwenda kwa mpigo mmoja. Otto, kiranja wa darasa, alimaliza wa kwanza, akapiga mistari miwili, akafunika daftari. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Siku nne walimtazama Sefu kama mwizi kwa sababu ya namba ile, na sasa walikuwa wanainakili, kama walivyoinakili ile nyingine, bila hata kuinua kichwa. Nilisimama mlangoni nikiwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata nilipoitwa mwizi.

Sefu alinisukuma nikae. Alifungua daftari langu nilimonakili kitini, ukurasa uliofuata, akausoma kwa muda, kidole kikishuka mstari hadi mstari. Kidole kikasimama.

"Swali linalofuata nalo," nilimnong'oneza. "Umeona? Nalo wamekosea. Twende."

"Nyamaza, Saimon," alisema Sefu, bila kuondoa macho kwenye karatasi. "Fomu haijafika hata Njombe."